Sifa za Kunguru wa Dar

Watu wakitaka kulisifia jiji la Dar es Salaam husifia bahari, Daraja la Tanzanite, na mabasi ya mwendokasi siku yakipita matupu. Mimi, mpangaji wa chumba kimoja Mabibo na mwanafunzi wa mwaka wa pili, namsifia kunguru. Naomba nisikatizwe mpaka nimalize, ingawa najua yeye mwenyewe hana tabia ya kumsubiri mtu amalize.

Tuanze na ujio wake, maana wengi humwita mvamizi. Huo ni uzushi. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, enzi za Waingereza, kwa kazi moja inayoeleweka: kula taka za mjini. Aliajiriwa, bwana! Kama nusu ya wakazi wa jiji hili, alifika akakuta kazi aliyoitiwa haimtoshi, akajiongeza. Akaongeza mayai ya watu, vifaranga vya watu na makinda ya ndege wenzake, kisha akavuka maji akaja Bara, na hadi leo hakuna aliyemdai nauli. Wanaolalamika kwamba amemfukuza mjini yule kunguru wetu wa asili, mwenye kifua cheupe, wajiulize waliokuwa na viwanja katikati ya mji siku hizi wanaishi wapi. Wameuza, wamesogea Chanika, na hatukuwaundia tume.

Ukitaka kumwona akiwa kazini nenda soko la samaki Feri. Lakini mimi namwonea fahari zaidi huku uswahilini, wiki ambayo gari la taka halikupita. Mifuko inakaa kando ya njia, imefungwa, kila mtu na siri yake. Alfajiri kunguru anashuka, anatembea kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi, anafungua mfuko mmoja mmoja, anakagua, halafu anatandaza vyote njiani ili na sisi tukague. Nina jirani ambaye kila mwisho wa mwezi hunikopa unga akiapa kwamba hali ni ngumu. Asubuhi moja mifupa ya kuku ilikuwa imepangwa kizingitini kwake, mapaja na vidari, kuku mzima. Mjumbe wetu wa nyumba kumi hajawahi kufanya uchunguzi wa kina kiasi hicho.

Sabuni nayo ni somo. Unafua uani, kipande chako cha sabuni ya mche kipo kwenye ukingo wa beseni. Anatua ukutani. Hakutazami, anakupa ubavu, jicho moja kwako na jingine sijui wapi. Anaruka hatua mbili, anasimama, anajifanya ana shughuli na bati. Unageuka kukamua shati, ukirudi unakuta povu tu. Watu wanasema huila kwa ajili ya mafuta yake. Mimi naona ananifundisha matumizi mazuri: tangu nimjue, nanunua kipande kidogo na nafua haraka.

Chuoni ndiko anakotumia akili kuliko wengi wetu. Ratiba anaijua bila kuibandika ukutani. Saa saba mchana yuko juu ya mwarobaini ulio jirani na vimbweta, akisubiri sahani zitoke. Hamgusi mtu anayekula huku akimwangalia. Humfuata yule aliyeinamia simu, anacheka peke yake, na chipsi zake zipo wazi. Anachukua ile ndefu ya juu, na akiwa na nafasi anarudi kwa kipande cha yai. Kama kuna mhadhiri aliyefanikiwa kumfanya mwanafunzi aweke simu chini, sijaambiwa.

Sijasema habari ya kuamsha. Umeme ukatike, chaji iishe, yeye ataanza kelele kabla jua halijatoka, na hana kitufe cha kuahirisha. Daladala ya kwanza naipata kwa hisani yake. Waswahili wamesema kunguru hafugiki. Hawakumaliza, maana siku hizi yeye ndiye anayetufuga.

Wapo wasiokubali fadhila. Zanzibar walimpiga vita miaka ya 1990 mpaka akapungua sana. Vita ilipopoa, akajaa upya. Wengine hutega vizimba: ndani nyama, na kunguru mmoja wa kuvutia wenzake. Wajinga wachache huingia. Walio na akili hukaa juu ya kizimba, wakamtazama mwenzao, na tangu siku hiyo hawakaribii chombo cha aina ile, jambo ambalo sisi hatujaliweza kwa mikopo ya kwenye simu.

Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza kwamba linakusudia kuangamiza kunguru milioni moja wa Pwani kabla ya mwaka kwisha. Niliposoma habari ile niliingiwa na simanzi. Mwaka ulipokwisha nikampigia rafiki yangu anayesoma Mombasa, nimpe pole na nimuulize wamebaki wangapi. Akaniambia nirudie swali kwa sauti. Nikarudia. Akasema ngoja kwanza aingie ndani afunge dirisha, kunguru wanapiga kelele, hanisikii.