Majogoo Thelathini Usoni

Banda la gemu, Majengo, Singida Mjini, usiku. Bosi ameshafunga komeo na kwenda kulala. Ndani wamebaki TV YA CHOGO, PS 2, BENCHI, na JOGOO wa kienyeji aliyefungwa kamba kwenye mguu wa Benchi, akisubiri basi la alfajiri la kwenda Dar es Salaam. Juu ya kaunta amekaa mgeni: MIWANI YA VR, Quest 2 ya mkono wa pili kutoka Kariakoo.

TV YA CHOGO: Binti, toka juzi umo humu ndani na sijasikia shikamoo.

MIWANI: Shikamoo, babu. Nisamehe, nilikuwa nachaji.

TV YA CHOGO: Marahaba. Kwetu hata anayechaji anasalimia.

PS 2: Msamehe, mzee. Kazi yake kuziba watu macho, ataona wakubwa saa ngapi?

MIWANI: Shikamoo na wewe, mzee PS. Lakini tusifichane, nimeletwa kuchukua nafasi yenu. Nyie mnamwonyesha mtu uwanja, mimi namwingiza ndani ya uwanja. Akigeuza shingo kushoto, anaona jukwaa la kushoto. Akiinua kichwa, anaona taa.

TV YA CHOGO: Uwanja wa Liti uko hapo, mtu anafika kwa miguu. Mechi ikichezwa, ukigeuza shingo kushoto unaona jukwaa la kushoto, na kuna muuza karanga.

BENCHI: Mimi nina swali moja tu. Mteja wako akitaka kukaa?

MIWANI: Gemu zangu nyingi nzuri zinachezwa mtu amesimama.

BENCHI: Basi tumeshagombana.

JOGOO: Samahanini wakubwa, mimi ni msafiri tu. Dada Miwani, bosi alikununua shilingi ngapi?

MIWANI: Laki sita, na hapo ameokota dodo. Nilipoingia sokoni Oktoba 2020 nilianzia dola 299, kwa shilingi za wakati ule karibu laki saba, bila ushuru wala nauli.

JOGOO: Mimi jioni hii nimeuzwa elfu ishirini. Na mnunuzi alinipapasa kifua, akanipanua mabawa, akanipuliza manyoya mbele za watu, ndipo akatoa hela. Kumbe bosi anatembea na majogoo thelathini usoni! Wewe alikupapasa wapi?

PS 2: Alimwona picha kwenye simu. Pameandikwa "imetumika kidogo".

MIWANI: Bei siyo hoja. Hoja ni ninachotoa. Nina gemu linaitwa Beat Saber. Kila mkono umeshika upanga wa mwanga, vipande vinakujia kwa mapigo ya muziki, unavikata kimoja kimoja. Dakika kumi tu jasho linakutoka. Kuna watu wanalipia jimu kutafuta jasho hilo.

BENCHI: Jasho lenyewe linaishia wapi?

MIWANI: Kwenye sponji langu la usoni.

BENCHI: Halafu sponji analivaa nani?

MIWANI: Mteja anayefuata.

JOGOO: Na sisi ndio mnasema tunaishi kwenye matenga!

MIWANI: Kuna kava za silikoni, zinafutika! Mwaka 2021 Facebook wenyewe walisimamisha kuniuza kwa muda, wakagawa kava bure, kwa sababu baadhi ya wateja walikuwa wanatoka vipele usoni.

TV YA CHOGO: Binti, unapojitetea usimletee mpinzani wako ushahidi.

PS 2: Nami niseme langu. Mimi niliingia sokoni mwaka 2000. Sony wameuza wenzangu zaidi ya milioni 150. Taarifa ya kusimamisha kututengeneza ilitoka Januari 2013, na bado naingiza jero kwa mechi. Pedi ya kushoto haipigi pasi mpaka uibane kwa hasira, lakini wateja wameshaizoea. Fundi ameniwekea jezi za Simba na Yanga. Sijui akaunti, sijui kadi ya benki.

MIWANI: Kadi ya benki inahitajika mara moja tu.

PS 2: Kwa kila gemu.

MIWANI: Mara moja tu kwa kila gemu.

JOGOO: Mji huu kuku, vitunguu na alizeti vyote vinalipiwa kwa simu. Umekuja wewe kuchagua hela!

MIWANI: Haya, chekeni. Jana usiku umeme ulipokatika, nani alibaki anawaka? Babu alibaki na kinukta cheupe katikati ya kioo, kikazima. Mzee PS akanyamaza katikati ya penalti. Mimi nina betri yangu, saa mbili mpaka tatu.

(Kimya kidogo.)

TV YA CHOGO: Hapo umetupiga bao. Lazima tukubali.

BENCHI: Msikubali haraka, nilikuwepo. Kweli aliendelea kuwaka. Kijana wa bodaboda alikuwa amemvaa, anakata mapanga yake. Ghafla akaanza kulalamika kwamba mikono imepotea. Ameinyoosha mbele yake, lakini eti haipo.

MIWANI: Ni kamera zangu. Ninazo nne, ndizo zinazosoma chumba na kujua mikono iko wapi. Gizani hazioni.

TV YA CHOGO: Basi ukae mchana, juani.

MIWANI: Juani ndiyo kabisa, babu. Lenzi zangu hukusanya jua na kulichomea kwenye kioo cha ndani. Bosi aliniacha kaunta nimeelekea mlangoni, jua la saa tisa likaniingia usoni. Sasa jicho la kulia nina doa la manjano, na halitibiki.

JOGOO: Gizani huoni, juani unaungua. Singida nayo ni jua na upepo! Upepo je?

MIWANI: Upepo sina shida nao.

JOGOO: Afadhali. Tumepata pa kuanzia.

BENCHI: Mimi nataka kujua kuhusu yule wa asubuhi. Alilipa, akavaa, dakika ya tano akaja kunikalia. Jasho la baridi, mdomo ameuziba kwa mkono. Nikasema leo nimekwisha.

MIWANI: Alikuwa kwenye gemu la mbio za magari. Macho yanamwambia anakimbia, sikio la ndani linamwambia amesimama kwenye sakafu ya saruji. Ubongo ukipata habari mbili zinazopingana, tumbo ndilo linaloadhibiwa. Siyo wote. Wengine huzoea wakianza kidogokidogo, na gemu za kusimama sehemu moja, kama Beat Saber, zina nafuu.

JOGOO: Kumbe! Mimi kesho nitakaa kwenye tenga ndani ya buti la basi, karibu kilomita 700. Masikio yananiambia nakimbia, macho hayaoni kitu. Ugonjwa ni uleule, umegeuzwa tu. Na mimi sijalipa.

TV YA CHOGO: Hii miwani haijaanza leo, msidhani. Mwaka 1995 Nintendo walileta moja inaitwa Virtual Boy. Picha nyekundu tupu, shingo umeinamisha kwenye kidude kilichosimama mezani. Haikumaliza mwaka sokoni.

MIWANI: Hiyo ni ya kale, babu. Sasa hivi nyuma yangu kuna kampuni kubwa. Meta, ndio Facebook walewale, wanaamini.

TV YA CHOGO: Wanaamini kwa hela nyingi mno. Mimi husikiliza taarifa ya habari, ndiyo kazi yangu. Mwaka 2024 kitengo chao kinachotengeneza miwani hizi na ndugu zake kilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 17. Ibadilishe kwa shilingi, inakaribia bajeti nzima ya Serikali ya Tanzania ya 2024/25, ile ya trilioni 49.35.

JOGOO: Subiri kwanza. Anayekuuza anapata hasara, anayekununua anapata kichefuchefu. Faida inakwenda kwa nani?

BENCHI: Kwangu.

PS 2: Kwako vipi?

BENCHI: Nyie mnahesabu wanaocheza, mimi nahesabu wanaokaa. Jioni mechi ikipamba moto mimi hubeba wanane. Wawili wana pedi, sita hawana. Hao sita ndio wanaotukana beki, wanaopigania zamu, wanaonunua soda. Bosi anadhani anauza gemu. Anauza watu wa kukuona ukifunga. Binti huyu alipofika nikajua amekuja kuniua, maana anavaliwa na mmoja, na wengine hawaoni chochote.

MIWANI: Picha yangu inaweza kurushwa kwenye TV ya kisasa.

TV YA CHOGO: Nimesikia hilo neno, nimelipuuza.

BENCHI: Lakini leo mchana nilibeba kumi na wawili, mpaka msumari umelegea. Na hawakuona upanga wala kipande hata kimoja. Walikuwa wanamtazama fundi cherehani wa jirani, mtu mzima na kofia yake, mwenye wajukuu. Amevaa miwani, amepiga goti moja chini, anakwepa kitu ambacho hakipo. Akainuka kwa ukali, akamkata mtu asiyekuwepo, akapiga kreti la soda kofi la haki. Kreti lenyewe lilikuwa tupu. Soda zilikuwa zimeshaisha kwa kicheko.

MIWANI: Kwa hiyo nalipa!

PS 2: Unalipa banda. Yule mwalimu aliyeuliza bei jioni, anayetaka kukopa anunue ya kwake aweke chumbani, umlipe nini? Chumba kina kitanda, kabati na ndoo za maji, wewe unataka mita mbili kwa mbili ziwe wazi. Akikwepa kitu, anakwepea kwenye kabati. Na nani atamcheka?

MIWANI: Mzee, wapo watu ambao hawataki kuchekwa. Mtu mwenye chumba kipana, intaneti ya uhakika, kadi ya benki na tumbo gumu, anayetoka kazini akitaka dakika thelathini za kuwa mahali pengine, huyo namfaa kuliko nyie wote. Hamwezi kumpa ninachompa.

TV YA CHOGO: Hilo ni kweli, na mimi silipingi.

JOGOO: Mtu huyo yupo, dada. Shida ni kwamba wanaokununua wengi si yeye. Wananunua picha yake.

BENCHI: Basi uamuzi wangu huu. Miwani moja inatosha mtaa mzima. Buku kwa dakika tano, kava inafutwa kila mteja, mlango unafungwa nusu ili jua lisiingie na mwanga usitoke. Mwalimu aje avae hapa mbele ya wanafunzi wake. Akirudi mara ya nne bado anaitaka, akakope. Asiporudi, ameokoa majogoo ishirini na tisa na ushee.

MIWANI: Nimekubali. Ila mnipe cheo. Babu ni skrini, mzee PS ni mtambo, mimi nani?

PS 2: Mchekeshaji.

MIWANI: Laki sita, kamera nne, nimekuwa mchekeshaji!

JOGOO: Shukuru, dada. Mimi nimepapaswa kifua chote na cheo changu ni supu.