Wali wa Kitabuni

Kwetu kitabu hakijawahi kuingia nyumbani kisidai chake. Cha kwanza kilikuwa Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyochapwa mwaka 1996, ambayo mdogo wangu wa kike aliiokota kwenye rundo la vitabu chakavu pale soko la Mbarara. Yeye anasoma shule hapa Nyamitanga, kilima cha ng'ambo ya Mto Rwizi chenye kanisa kuu la Wakatoliki, na analala kwangu kwa sababu chumba cha fundi cherehani ni rahisi kuliko bweni. Basi Kongowea, yule kijana wa Tanga anayevuka mpaka hadi Kenya kumtafuta baba yake, akahamia kwetu. Tulikula naye, tukaosha vyombo naye, na misemo yake nikaisikia hadi usingizini.

Likizo ilipofika, binti akarudi Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, kwa wazazi, akapiga goti mbele ya baba: "Shikamoo, baba."

Baba yetu ni mtu wa Bukavu, kule Kongo. Kwao asubuhi huanza kwa "jambo", ikajibiwa "jambo", kila mtu akaenda zake. Kuona mtoto anapiga goti, akajipapasa mfukoni. "Unataka ngapi?" Akaambiwa ni salamu tu, hakuamini. Kesho yake akapigiwa goti tena, na kesho kutwa tena, mpaka mzee akawa anadamka kabla ya jogoo ili atoke nje bila kusalimiwa.

Hayo yalikuwa madogo. Maafa yaliletwa na kitabu cha pili, ambacho jina lake halijulikani mpaka leo kwa kuwa kilikuja bila jalada na bila kurasa za mwisho. Ni hadithi ya vijana, ya msichana wa Pwani anayelelewa na bibi yake, na bibi huyo hafanyi jambo ila kupika. Mdogo wangu aliisoma akiwa na daftari pembeni. Upande wa kushoto aliandika neno geni, upande wa kulia akaandika maana aliyoikisia. Kamusi hakuwa nayo na wala hakuitaka. Alisema kila ukisimama kuuliza neno, watu wa hadithi wanakuacha nyuma. Mimi namuunga mkono. Neno ukikutana nalo mara ya kwanza linakupita, mara ya tatu unalitambua kwa mwendo, mara ya sita unalitumia bila kukumbuka ulilipata wapi. Ndivyo tulivyojifunza lugha yetu ya kwanza, na hakuna aliyetupa kamusi utotoni.

Lakini ndiyo hiyo, mwenye kukisia hukisia kwa vitu alivyonavyo. Kitabu kilisema bibi alitia tui jeupe chunguni. Sisi tuko Ankole, nchi ya ng'ombe wenye pembe ndefu kama matao, na nazi hapa Mbarara si kitu cha kila siku. Cheupe, kizito, kinatiwa chunguni: akaandika "tui: maziwa". Kitabu kikaendelea kwamba mchele ulipokauka maji, bibi aliupalia. Kupalia alikujua vizuri, maana kila mvua ikinyesha Nakivale mama humkabidhi jembe akapalie maharage. Akaandika "kupalia wali: kuulima kwa mwiko".

Jumamosi moja nikarudi kutoka kwenye cherehani, nikakuta wali umechemshwa kwa maziwa ya Ankole na kulimwa kwa bidii mpaka haujulikani tena ulikuwa nini. Mwiko ulisimama wenyewe katikati ya sufuria. Bibi yetu, aliyekuwa amekuja kwa mambo ya hospitali na ambaye meno yake yalimuaga zamani, alikula sahani mbili na kusema kuwa sasa ndiyo shule imeanza kuleta faida. Mimi nilikunywa chai.

Ungeweza kuuliza kwa nini hakumwuliza mtu. Amwulize nani? Nakivale, wilayani Isingiro, imekuwa ikipokea wakimbizi tangu 1958. Leo hapo bombani wanakutana Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali, na Kiswahili ndicho kinachowapanga foleni, ila kila mmoja amekuja na chake. Makaa ya Pwani kwetu ni makala, na jiko ni mbabula. Wenyeji wetu nao, ingawa baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha mwezi Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi, wengi bado wakikisikia wanageuka kutazama askari yuko wapi. Kwa hiyo maneno ya jikoni ya Pwani hayakuwa na mwenyewe katika majirani zetu wote.

Mpaka alipohamia Nyamitanga mke wa dereva wa lori, mwanamke wa Tanga. Binti alimfuata na daftari lake kama anayempelekea hakimu faili. Yule mama alisoma "tui: maziwa", akakaa chini. Alisoma "kuulima kwa mwiko", akajifunika uso kwa kanga na mabega yakamtikisika. Alipopata sauti, akaeleza: tui ni la nazi iliyokunwa na kukamuliwa. Na wali ukikaribia kuiva, unapunguza moto chini, unafunika, halafu unachota makaa yenye moto na kuyapanga juu ya mfuniko, ukauke kwa joto la pande zote. Huko ndiko kuupalia. "Mwanangu," akamwambia, "wali haulimwi."

Sasa, dada yetu kifungua mimba alikuwa ameposwa, na wakwe walipanga kuja Nakivale kuzungumza mahari. Mama alinunua mchele, kitu ambacho kwetu si cha kila wiki, na akamkabidhi msomi wake jiko. Nilikuwepo, nimeshuka na taksi kutoka Mbarara nikiwa nimevaa koti la wageni.

Jiko letu ni nguzo nne na turubai lenye maandishi makubwa ya UNHCR. Mfuniko wa sufuria ulikwisha kupotea siku nyingi, tunatumia bati la debe la mafuta ya msaada lililokatwa na kunyooshwa kwa jiwe. Tui lilikosekana, akatia mafuta na chumvi, uamuzi wa busara. Wali ukakaribia kuiva, akafunika, akaanza kuhamisha makala kwa kijiko, moja moja, mpaka bati likawa jekundu juu kuliko mbabula chini. Kazi ya kulinda akampa kitinda mimba wetu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu mtoto wa kiume ukimwambia alinde moto, yeye anaelewa auongeze. Alichukua sahani akapepea. Akapepea kama anayelipwa. Cheche zikaruka, moja ikatua kwenye turubai na kukaa kimya, kisha turubai likaanza kujikunja kama jani la ndizi na moshi mweusi ukapanda. Tulipofika, moto ulikuwa umekwisha kula HCR. Bibi, ambaye kwa kawaida husaidiwa kusimama, alisimama mwenyewe, akanyakua beseni la maji ya kunawia wageni na kuyarusha yote. Turubai likazimika. Makala ya juu yakazimika pia, kwa mlio. Majivu yakamfikia kila mtu, na koti langu.

"Weye mutoto!" mama akapiga kelele. "Njo nini ulifanyia muchele yangu?"

"Kitabu inasema vile, mama."

Wageni walikuwa wamesimama mlangoni.

Msemaji wao alikuwa mzee wa Kasongo, kule Maniema. Hakusema neno juu ya moshi. Walinawa kwa maji ya kuazima, wakakaa, chakula kikaletwa. Bati lilikuwa limestahimili, na wali ndani ulikuwa mweupe, umechambuka punje punje, na chini na juu umeshika ukoko wa rangi ya dhahabu. Mzee alikula bila kuinua macho. Akaongezewa. Akauliza nani kapika, na moto ule juu ya mfuniko kafundishwa na nani.

Ndipo ikaja hadithi. Kasongo ilikuwa makao makuu ya watu wa Tippu Tip, yule Hamed bin Muhammed wa Unguja ambaye misafara yake ilifika huko katika karne ya 19 kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Waliacha majeraha mengi, na waliacha pia Kiswahili na mashamba ya mpunga. Mzee alisema bibi yake mzaa baba hakujua kupika wali bila kuweka moto chini na juu, na tangu azikwe hajauonja tena. Upishi huo waliuitaje? Hawakuuita kitu, alisema. Ulikuwa kupika tu.

"Kupalia," mdogo wangu akasema kutoka pembeni, na masizi puani. Mzee akalirudia mara mbili, akilitafuna pamoja na ukoko. Binti alikuwa amekwisha kulikimbilia daftari, akafuta jembe na mwiko, na kumwuliza mgeni maswali mpaka baba akakohoa.

Mazungumzo ya mahari yakaanza. Mbuzi wakatajwa, vitenge vikatajwa, chumvi ya bibi ikatajwa. Kisha mama, ambaye alikuwa kimya muda wote akitazama mbingu kupitia dari la jikoni, akasema kwenye orodha pamekosekana turubai moja.

"Turubai ya nini?" mzee akauliza.

"Njo ile ilipika wali yenye umesifu."

Wakatoka, mama na mzee pamoja na wajomba, wakasimama jikoni wakikagua. Mzee akasoma herufi zilizobaki kwa sauti, moja, ya pili. Akatafakari. Akasema ukoo wao ni watu wa haki, watalipa HCR. UN tubaki nayo.