Sifa za Kitambaa Kisichofanana na Picha Yake

Miongoni mwa vitu vinavyolaaniwa kila siku bila kupewa nafasi ya kujitetea, hakuna kilichodhulumiwa kama kitambaa cha mtandaoni, yaani kile ambacho mnunuzi wa Kigoma au Ujiji hukichagua kwenye kioo cha simu, hukilipia kwa pesa za simu pamoja na "ya kutolea", ambayo ni ada anayokatwa muuzaji achukuapo fedha zake kwa wakala, kisha hukingoja kwa siku kadhaa hadi kiteremshwe kutoka kwenye buti la basi kikiwa na rangi nyingine, uzito mwingine na pengine urefu mwingine. Waungwana wamezoea kukisifu kitambaa kizuri, kazi isiyohitaji akili wala ushujaa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kitambaa kibaya ndicho kinachoirudisha sanaa ya ushonaji majumbani mwa watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, na kwamba kwa nasaba, kwa elimu na kwa matendo yake kinastahili heshima ambayo hakijapata kupewa na yeyote.

Kwa upande wa nasaba, kitambaa hiki hakikuokotwa njiani. Ujiji ilikuwa ikiagiza nguo bila kuziona zaidi ya karne moja kabla ya simu ya mkononi, kwani katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora ilileta huko merikani, yaani kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilichochukua jina la nchi kilikofumwa, pamoja na kaniki iliyotiwa nili, na nguo hizo zilikuwa vazi na fedha kwa wakati mmoja. Zilihesabiwa kwa shuka ya yadi mbili, kwa doti ya yadi nne na kwa jora la yadi zipatazo 30, na kwa doti hizohizo watawala wa Uvinza na Uha walilipwa hongo, neno ambalo wakati huo lilikuwa na maana ya ushuru wa kupita katika nchi ya mtu. Mteja maarufu kuliko wote wa biashara hiyo alikuwa David Livingstone, ambaye alirudi Ujiji mwezi Oktoba 1871 akiwa mgonjwa na mchovu, akitarajia kukuta mzigo aliotumiwa kutoka Unguja, lakini kwa maandishi yake mwenyewe hakukuta hata yadi moja kati ya yadi 3,000 za nguo, wala uzi mmoja wa shanga kati ya ratili 700. Sherifu, msimamizi wa mzigo huo, alikuwa amekwisha kuuza vyote, akidai kwamba uaguzi ulimwonyesha kuwa mwenye mali amefariki. Wanahistoria huliweka tukio hili katika fungu la wizi. Lakini mtafiti wa ushonaji hawezi kuipuuza taarifa kwamba Sherifu alikuwa mshonaji kwa kazi yake, jambo linalothibitisha kuwa desturi ya kitambaa cha mteja kuyeyukia mikononi mwa fundi ina mizizi mirefu mjini humo kuliko hata miembe yake.

Upande wa pili wa ukoo ni mtukufu zaidi, kwa kuwa kitenge chenyewe ni mtoto wa dosari. Viwanda vya Uholanzi, kikiwamo kile cha mji wa Helmond kilichoanzishwa mwaka 1846 na ambacho leo kinajulikana kwa jina la Vlisco, vilijaribu kuiga kwa mashine batiki ya Java, yaani kitambaa ambacho sehemu zake hufunikwa kwa nta ili rangi isiingie. Utomvu uliotumiwa na mashine ulipasuka-pasuka, rangi ikapenya katika nyufa hizo kama mishipa, na kwa mujibu wa masimulizi yanayokubalika sana, wanunuzi wa Java waliziona nyufa hizo kuwa uharibifu huku wanunuzi wa Afrika Magharibi wakiziona kuwa urembo. Hivyo mama wa Mwanga, mjini Kigoma, anayejivunia kitenge cha wax kilichovushwa ziwani kutoka Kongo amejifunga kosa la kiwandani lililopata umri na cheo, na hana sababu ya kulidharau kosa changa lililomfikia wiki hii.

Kuhusu elimu, hakuna chuo cha ufundi kinachofundisha mengi kwa ada ndogo namna hii. Somo la kwanza ni la mwanga, kwa sababu kamera ya simu hujirekebishia rangi bila kuuliza, na kioo cha simu huwaka chenyewe ilhali kitambaa huurudisha tu mwanga unaokiangukia, hivyo samawati iliyoonekana pichani ni samawati ya taa na haikuwahi kuwa ya pamba. Somo la pili ni la ukubwa, kwani picha isiyo na mkono wa mtu kando yake haionyeshi kimo cha ua, na ndege aliyedhaniwa kuwa kama chiriku anaweza kufika akiwa sawa na kuku wa kienyeji, akatua mmoja kifuani na mwingine mgongoni, basi gauni likawa limejaa. Somo la tatu ni la hesabu: yadi moja ina inchi 36 na mita moja ina inchi 39 na ziada kidogo, kwa hiyo aliyelipia mita sita akaletewa yadi sita amepungukiwa na zaidi ya nusu mita, na hapo ndipo mwanafunzi hugundua kwamba mikono ya gauni lake imebaki Kariakoo. Somo la nne ni la kemia, ambalo hufanyika jikoni kwa kuchoma nyuzi chache zilizochomolewa ukingoni. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu mepesi, wakati poliesta, yaani nyuzi za viwandani zitokanazo na mafuta ya petroli, huyeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Somo la mwisho ni la beseni, ambamo kitambaa huloweshwa kabla ya kukatwa ili ijulikane kama kinachuja rangi na kama kinarudi, yaani kupungua kipimo baada ya kulowa.

Matendo yake ndiyo makubwa kuliko yote. Cherehani, neno ambalo asili yake huhusishwa na jina la Kiajemi la gurudumu, kilikuwa pambo na chombo cha kazi katika nyumba nyingi. Lakini baada ya masharti ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980 na mitumba kujaa masokoni, vyerehani vingi vilifunikwa vitambaa vya kufuma na kupandishwa cheo kuwa meza za redio, na baadaye za televisheni. Kitambaa kizuri kisingeweza kuvikomboa, kwa maana kitambaa kizuri hupelekwa kwa fundi, naye hukipima kwa futikamba, huandika vipimo katika daftari na kusema "njoo Ijumaa" bila kutaja mwezi. Kitambaa kisichofanana na picha yake hakipelekeki huko, kwa kuwa mwenyewe huona haya kukifunua mbele za watu. Ndipo televisheni huteremshwa, mkanda hutiwa mafuta kwa makosa badala ya vyuma, na mshonaji mpya huketi. Hapo hukutana na bobini, kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini, naye hukitukana kila uzi unapojikusanya chini ya kitambaa kama wavu wa dagaa uliokunjwa gizani, hadi siku atakapojua kwamba mara nyingi mkosaji ni uzi wa juu ambao haukupitishwa sawasawa katika njia yake. Anajifunza hayo bila hofu, kwa sababu kitambaa kilichokwisha kumwudhi hawezi kukionea huruma mbele ya mkasi.

Kikilinganishwa na mpinzani wake, ubora wake huzidi kung'aa. Kitenge cha thamani hufungiwa sandukuni kikingoja harusi inayokifaa, na harusi hizo hupita moja baada ya nyingine huku mende wakikifaidi. Ilhali kitenge kilichokosewa hukatwa jioni ileile, kikawa foronya, pazia la jikoni, aproni au mfuko wa kwendea sokoni, bidhaa yenye heshima mpya tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019. Dagaa wa Kigoma hawaulizi kama mfuko uliowabeba ulikusudiwa kuwa gauni.

Wapo wabishi wasemao kwamba sokoni Mwanga kitambaa hushikwa kwa mkono kabla ya kulipiwa, na kwamba maboti ya Kibirizi huvuka ziwa na vitenge, hivyo hakuna haja ya kuagiza Dar es Salaam, umbali wa kilomita zipatazo 1,250 kwa reli. Hoja hiyo ina ukweli wote ila busara. Anayenunua alichokishika hupata kitambaa tu, wakati anayetuma fedha kwa muuzaji mwenye tangazo la "mikoani tunatuma" hupata pia siku tatu au nne za kumiliki kitambaa bora kuliko vyote mkoani, kwa kuwa bado hakuna aliyekiona. Njiani hula riziki wakala wa pesa, karani wa vifurushi na kijana wa bodaboda, na mzigo ukishafika hauna pa kwenda tena, kwanza kwa sababu mali ikiuzwa hairudishwi, pili kwa sababu Kigoma, tangu reli ilipofika mwaka 1914, ni mwisho wa reli.

Basi anayeletewa kifurushi cha namna hiyo asikimbilie kulaumu. Akifungue, akipime, achome nyuzi mbili tatu, akiloweshe, akianike, kisha ateremshe televisheni na kukikata. Hata kikitoa foronya moja iliyopinda upande, atakuwa amemzidi Livingstone, ambaye kwa yadi zake 3,000 hakupata hata hiyo.