Sifa za Baiskeli Iliyochomelewa Fremu

Baiskeli iliyochomelewa fremu ni baiskeli iliyokwisha kuvunjika ikakataa kustaafu. Katika wilaya za Bukoba na Muleba hupatikana kwenye magulio, kwa mafundi wa Kashai na Rwamishenye, na kwenye vibaraza vya watu walionunua pikipiki wakaisahau ya zamani. Mnunuzi mgeni akiiona hugeuza uso. Huko ni kuionea, maana anailinganisha na baiskeli mpya, nayo baiskeli mpya haijawahi kuulizwa swali lolote gumu.

Nyingi za jamii hii ni Phoenix za Shanghai, China, pamoja na Hero na Avon za India. Wazee miongoni mwao ni Raleigh za Uingereza na Swala zilizoundwa Dar es Salaam. Zote ni za mabomba ya chuma, zina uzito wa kilo 20 hivi, na umbo la fremu zake halijabadilika sana tangu miaka ya 1890. Umbo hilo lilikusudiwa kumbeba mtu mmoja aliyekaa wima akienda kazini. Huku mkoani Kagera limepewa kazi nyingine: mikungu minne ya ndizi, gunia la mkaa, madumu ya pombe ya rubisi, na pengine shemeji juu ya kerieri. Kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu njia inapanda, na hapo mtu huisukuma baiskeli. Wakati wa kurudi mzigo ndio unaomsukuma mtu. Mvua nayo, ambayo Bukoba hufikia kama milimita 2,000 kwa mwaka, hupenya kwenye tundu la kiti na kulala ndani ya bomba. La kushangaza ni zile fremu ambazo hazijavunjika bado.

Kuvunjika kwenyewe kuna utaratibu wake. Bomba la chini hupasuka karibu na shingo, pale usukani unapokutana na fremu, kwa kuwa kila shimo la barabarani hupiga hapo kwanza. Kwa nyuma hukatika vibomba vyembamba vinavyoshika ekseli, chini kidogo ya kerieri. Ufa huanza ukiwa mwembamba kwenye rangi, kisha kutu huutoa nje kwa mstari wa kahawia. Mwenye mali huuona na kusema ni mkwaruzo. Siku bomba linapoachana huwa ni siku ya gulio.

Hapo huingia fundi, na kwa fundi ndipo ubora unapotengana. Fundi wa gesi huchomeka kipande cha bomba jembamba ndani ya lile lililokatika, hupasha moto mpaka chuma kiwe chekundu, kisha huyeyusha ufito wa shaba penye kiungo. Shaba ya kuchomelea huyeyuka kwenye nyuzi joto 900 hivi. Chuma cha fremu kinahitaji karibu 1,500. Kwa hiyo shaba hutiririka na kujaza nafasi, chuma kikabaki chuma. Viwanda navyo viliunganisha fremu za namna hii kwa shaba tangu zamani, na mshono mzuri wa gesi si kitu ila kazi ya Shanghai iliyorudiwa chini ya mwembe.

Fundi wa umeme hutumia stiki. Mashine yake imezoea mageti na madirisha, na bomba la baiskeli halina unene hata wa milimita mbili. Kosa dogo hulitoboa. Tundu huzibwa kwa stiki nyingine, na nyingine tena, hata pakaota kinundu kama kichuguu. Kinundu hicho hakivunjiki kamwe. Kinachovunjika ni bomba lililo kando yake, ambalo joto limelidhoofisha, na huachia sentimita moja au mbili tu kutoka kwenye mshono. Mwenye baiskeli anaporudi kulalamika, fundi humwonyesha kwa fahari kwamba kazi yake bado ipo palepale, nzima.

Uamuzi wa kununua unahitaji kipande cha uzi na uso usioonyesha hamu. Uzi hufungwa shingoni, hupitishwa nyuma nje ya ncha zote mbili zinazoshika ekseli, hurudishwa shingoni na kukazwa. Kisha hupimwa nafasi iliyopo kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Nafasi zikilingana, fremu imenyooka. Zikipishana kwa upana wa kidole, baiskeli itatembea upande kama inayomwepuka mdai, tabia ambayo muuzaji husema inatokana na matairi. Baada ya uzi hutazamwa rangi. Rangi mbichi mahali pamoja kwenye fremu iliyochakaa kwingineko kote imepakwa kwa sababu, na sababu hiyo ikwanguliwe kwa ukucha. Mshono ulioachwa wazi, unaong'aa manjano ya shaba pande zote za bomba bila ufa pembeni, ni wa kuaminika kuliko maneno yoyote yatakayosemwa juu yake.

Sifa hizi ni za chuma tu. Baiskeli za mtumba za alumini, zile zisizonaswa na sumaku ya spika ya redio, hupungua nguvu zikichomelewa, na mwembe wa fundi hauna tanuri la kuzirudishia. Uma wa mbele uliochomelewa nao hausifiwi hata kwa mzaha. Ukikatika kwenye mteremko wa Kamachumu hautoi notisi.

Iliyofaulu mitihani ya uzi na rangi ina faida ambazo baiskeli mpya haina. Mpya inaficha mahali itakapovunjikia. Hii imekwisha kupaonyesha. Mwizi anayejiheshimu haigusi. Jirani haiazimi mara ya pili. Shemeji mwenyewe huanza kuona kwamba kutembea kuna afya. Kwenye bei, kila mshono ni hoja ya kupunguziwa, na muuzaji wa fremu yenye mishono mitatu ameshindwa kabla hajaitikia salamu. Petroli inapopanda, mwenye pikipiki hununa nayo imeegeshwa ukutani, huku ndizi za mwenye fremu ya shaba ziko njiani kuelekea Kemondo.

Wahaya, wenyeji wa wilaya hizi, wana utanzu wa majivugo: mtu husimama mbele ya mkubwa, zamani mbele ya omukama, yaani mfalme, akajitamba kwa maneno ya kasi akihesabu ushujaa wake. Utanzu huo unamtaka mtu mwenye la kusimulia. Baiskeli mpya ikisimamishwa hapo ingetaja kiwanda chake ikanyamaza. Iliyochomelewa ingeanzia kwenye mkungu uliokata shingo yake kule Izigo, na wasikilizaji wangeomba viti.

Hatua ya mwisho ya ununuzi ni maandishi. Mauziano ya kitu kilichotumika huandikwa mbele ya mashahidi, na yakipata muhuri wa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa ni bora zaidi, mnunuzi asije akaitwa mwizi wa mali aliyoilipia. Karatasi inatakiwa kutaja namba ya fremu, ambayo hupigwa chini ya ekseli ya pedali au kwenye bomba la kiti. Kwa jamii hii namba mara nyingi imemezwa na kutu, na rangi, au na stiki ya fundi. Basi huandikwa: "Phoenix nyeusi, namba haisomeki, ina mshono wa shaba shingoni upande wa kulia." Phoenix nyeusi ni nyingi kati ya Kemondo na Muleba mjini, lakini yenye mshono huo ni moja, na polisi akiuliza, mwenyewe huelekeza kidole shingoni mwa baiskeli.