Ngeli za Kelele: Uainishaji wa Milio ya Magari Yaliyokula Chumvi Nyingi

Wanasarufi wamezichambua ngeli za nomino mpaka zikaisha utamu, lakini ngeli za kelele za magari makuukuu wamewaachia mafundi wa chini ya mwembe. Makala hii inakusudia kuziba pengo hilo. Uwanda wa utafiti ni mpana: kila Corolla AE110, kila Mark II GX100 na kila Hiace inayovuka tuta huku ikilalamika.

Kanuni kuu ni hii: kelele huainishwa kwa wakati wake, si kwa mlio wake. Mwenye gari hufika gereji na kuanza kuigiza kwa mdomo, "Fundi, linafanya ko-ko-ko, halafu ngo!" Fundi humsikiliza kwa adabu, hutikisa kichwa, kisha hutaja spea iliyo ghali kuliko zote. Lau mteja angesema mlio unakuja lini, nusu ya kazi ingekuwa imekwisha.

Ngeli ya KA-KA-KA, au ya kona. Makazi yake ni magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kwenye jointi ya CV iliyo ncha ya nje ya ekseli. Ndani yake mna gololi sita zinazotembea kwenye mifereji, muundo uliobuniwa na mhandisi Alfred Rzeppa miaka ya 1920. Gololi huishi ndani ya grisi, na grisi huishi ndani ya raba. Raba ikipasuka, grisi hurushwa nje, mchanga unaingia, mifereji inalika. Ushahidi wake ni matone meusi ya grisi upande wa ndani wa rimu.

Jaribio: tafuta uwanja mtupu, kunja usukani hadi mwisho, kisha ondoka taratibu, kwanza kulia, halafu kushoto. Mlio ukizidi ukikata kulia, mshukiwa wa kwanza ni jointi ya kushoto. Wapo madereva wanaojitibu kwa kukata kona za upande mmoja tu. Wanazuoni hawajaafikiana hurudije nyumbani.

Tiba hutegemea hatua ya ugonjwa. Raba imepasuka lakini gari halijaanza kulia? Safisha, jaza grisi mpya, vika raba mpya, kaza klipu. Likishaanza kulia, grisi hairudishi chuma kilicholika, badilisha jointi. Na kama gari halilii kwenye kona bali hutetemeka ukikanyaga mafuta na kutulia ukiachia, chunguza jointi ya ndani, upande wa gia boksi.

Ngeli ya NGO, au ya gia. Hujitokeza unapotoa R kwenda D. Katika GX100 na Hiace, anza na kros za propela shafti. Zima injini, zuia magurudumu kwa mawe, weka gia huru, kisha shika pande mbili za kros na uzizungushe kwa kupingana. Ukiona zinacheza, kros imekwisha. Kabla shafti haijafunguliwa, tia alama ya rangi inapoungana na difu. Ikirudishwa vibaya utanunua mtetemo ambao hukuja nao. Kwenye gari la kuvuta mbele, NGO mara nyingi ni mtoto wa ngeli inayofuata.

Ngeli ya VRRR, au ya foleni. Gari limesimama, gia iko D, mguu uko kwenye breki, na dashibodi nzima inatetemeka. Ukiweka N, kimya. Hapo shuku maunti za injini. Ikiwa linatetemeka hata kwenye N, anza na plagi: huenda injini inamisi. Kuhakikisha, fungua boneti, vuta handibreki, kanyaga breki barabara, badilisha D na R huku msaidizi akitazama kutoka ubavuni, kamwe si mbele ya gari. Injini ikiinuka kama mtu aliyetajwa jina msibani, maunti zimekatika.

Tiba ina shule mbili. Shule ya Tairi hukata kipande cha tairi chakavu na kukipachika penye ufa: NGO hunyamaza, VRRR huhamia kwenye kiti cha dereva. Shule ya Jeki huishikilia injini kwa jeki na ubao chini ya sampo, hufunga maunti mpya, na hukagua zote, kwa sababu iliyokufa imewatwisha wenzake mzigo wake. Mwandishi ni mfuasi wa shule ya pili.

Ngeli za mamluki. Mngurumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda mara nyingi ni beringi ya gurudumu. Ko-ko ya kwenye matuta mara nyingi ni stablaiza linki au bushi. Hizi ndizo zimewafanya wengi wanunue ekseli nzima bila sababu.

Basi, kabla ya kwenda gereji, andika mambo matatu: mlio unatokea lini, gia ikiwa wapi, usukani ukiwa umekunjwa upande gani. Mpe fundi maelezo hayo kabla hajataja spea. Na ukiona grisi kwenye rimu leo, usisubiri KA-KA-KA: raba ni rahisi kuliko jointi.