Marehemu Anakula Chipsi

Waingereza wana neno lao, literally, la kuapia kwamba jambo limetokea vilevile lilivyosemwa, bila chumvi. Siku hizi ndilo chumvi yenyewe. Kijana wa London kaachwa na basi: “Nimekufa, literally!” Marehemu anatafuna chipsi, anasubiri basi lijalo.

Walinzi wa sarufi huwalaumu vijana wa simu. Haya, na mwandishi Mark Twain je? Mwaka 1876 alilitumia neno hilo kumfanya Tom Sawyer, mvulana wa riwaya yake, tajiri wa kupindukia. Utajiri wenyewe gololi, kishada na panya mfu.

Mwaka 2013 magazeti yalishtuka kuona kamusi ya Oxford imeikubali maana hiyo ya chumvi, yakaangua kilio. Wenye kamusi ya Merriam-Webster walikuwa wameshaiandika tangu 1909. Wafiwa hawakuwa na habari.