Jinsi ya Kuitia Kutu Mashine Isiyoshika Kutu

Kikundi chenu cha wafugaji nyuki kule Inyonga, wilayani Mlele, kimechanga fedha za mashine ya stenlesi ya kukamulia asali. Hongereni. Kuiharibu kunawezekana, ila kunataka bidii.

Adui yenu ni kromiamu. Chuma chenye walau asilimia 10.5 ya kromiamu hujivika utando mwembamba usioonekana. Ukiukwaruza, hewa inauziba tena bila fundi wala mchango. Ndiyo maana asali, ambayo kwa utamu wake wote ni tindikali na hula pipa la chuma cha kawaida, humo haipati pa kuuma. Harry Brearley wa Sheffield, aliyetengeneza chuma cha namna hii mwaka 1913, alikuwa akitafuta dawa ya mitutu ya bunduki iliyokuwa ikilika. Nyuki hawakuwamo katika hesabu zake.

Anzeni dukani, Mpanda mjini. Pitisheni sumaku, isiponata, lipeni haraka na msiulize namba. Stenlesi 304, yenye kromiamu asilimia 18 na nikeli 8 hivi, kwa kawaida hainati. Ila 201 nayo hainati, na hiyo ni ya bei nafuu, nikeli yake imepunguzwa ikajazwa manganizi. Sumaku haizitofautishi. Kutu inazitofautisha vizuri sana.

Msimu wa kurina ukiisha, sugueni kwa stilwaya mpaka mikono iume. Chembe za chuma zitakazobaki zitaota kutu, na jirani ataapa kwamba mmeuziwa feki. Mguu wa mashine ukikatika, mpelekeeni fundi wa mageti, achomelee kwa vijiti vyake vya kila siku na kumalizia kwa brashi yake ya chuma.

Yote hayo ni mazoezi tu. Kazi yenyewe inafanywa na kloridi, iliyomo kwenye chumvi na jiki, kwani ndiyo inayotoboa utando na kuacha vishimo vyembamba vinavyochimba kwenda chini. Katavi haina bahari, hivyo chumvi mtaileta wenyewe; ya Uvinza haiko mbali. Mkiona uvivu, mwageni jiki isiyochanganywa na maji, funikeni, mwende zenu likizo. Msisuuze. Maji safi na kitambaa kikavu vitawarudisha nyuma miaka mingi.

Mnunuzi akiuliza mbona asali ina weusi na ladha ya msumari, mwambieni ndiyo miombo hiyo, na muongeze bei.